Katalogi ya APOGEE ya Mafungunyota Tufe: Kemia Imepimwa Vizuri, Nyota Maradufu Zimeachwa Nusu Njia

Katalogi ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani wala haidai ada ya uanachama. Ni jedwali la nyota zilizomo katika mafungunyota tufe ya galaksi yetu, yaani makundi ya kale ya nyota nyingi zilizosongamana kwa umbo la tufe. Limejengwa juu ya toleo la 17 la data za SDSS, mradi wa kupima anga ambao tawi lake la APOGEE huchambua nuru ya nyota; toleo hilo lilitoka Desemba 2021, na yeyote anayelitaka anaweza kulipakua bila kujisajili. Lina safumlalo 7,737 zinazohusu nyota 6,422 kutoka mafungunyota 72. Kwa kila nyota msomaji hupata uwingi wa elementi takriban ishirini, kasi ya nyota kuelekea au kutoka kwetu, na uwezekano kwamba kweli ni mwanachama wa fungunyota inamohesabiwa. Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka asihangaike: kwa anayechunguza kemia ya makundi ya nyota ndani ya mafungunyota haya, sijaona huduma ya bure inayoizidi hii, lakini kwa anayetaka kujua ni nyota zipi kati ya hizo zina mwenzi, yaani ni nyota maradufu, jedwali halijitoshelezi, na likitumiwa kwa pupa litampotosha.

Nazipima sifa hizi mbili kwa pamoja kwa sababu ndani ya fungunyota tufe haziachani. Zamani ilidhaniwa kwamba nyota zote za fungunyota moja, hata zikiwa laki kadhaa, zilizaliwa kutoka wingu moja la gesi kwa wakati mmoja, na kwa hiyo zina mchanganyiko uleule wa elementi. Leo tunajua kwamba karibu kila fungunyota tufe la kale lina angalau makundi mawili. Kundi la kwanza lina kemia inayofanana na ya nyota za kawaida za galaksi zenye kiasi kilekile cha chuma. Kundi la pili lina nitrojeni na sodiamu nyingi, mara nyingi na alumini pia, huku kaboni na oksijeni zikiwa zimepungua. Mabadiliko ya namna hiyo hutokea pale tu hidrojeni inapochomwa katika joto kali mno: ili magnesiamu igeuke kuwa alumini zinahitajika kelvini milioni 70 hivi au zaidi, na nyota tunazoziona leo katika mafungunyota haya, ambazo masi yake ni kama asilimia 80 ya masi ya Jua, hazina uwezo wa kupika kitu kama hicho na kukileta usoni. Malighafi hiyo ilitoka kwa nyota nyingine zilizokwisha toweka. Ni zipi hasa, mabishano hayajaisha: wapo wanaotaja majitu, yaani nyota zilizovimba, yaliyokuwa katika hatua za mwisho za uhai, wapo wanaotaja nyota kubwa zinazojizungusha kwa kasi, wapo wanaotaja nyota zenye masi ya maelfu ya Jua, na tangu 2009 limekuwapo pendekezo la nyota maradufu kubwa ambamo nyota moja humwaga gesi yake juu ya mwenziwe na sehemu ya gesi hiyo ikatapakaa ndani ya fungunyota.

Nyota maradufu zina habari nyingine pia. Ndani ya msongamano wa fungunyota, jozi iliyoshikana kwa ulegevu hupitiwa na nyota nyingine na kuvunjwa, ilhali jozi iliyoshikana barabara hukazwa zaidi kila inapokutana na mpita njia. Kanuni hii Douglas Heggie aliieleza mwaka 1975. Ikiwa kundi la pili lilizaliwa katikati ya fungunyota, mahali penye msongamano mkubwa kuliko pale lilipozaliwa kundi la kwanza, basi jozi zake nyingi zilipaswa kuvunjika mapema, na hilo ndilo linaloonekana. Katika uchunguzi wa 2015, Sara Lucatello na wenzake walifuatilia kasi za majitu mekundu 968 katika mafungunyota kumi wakapata nyota maradufu 21. Walipozigawa kwa kemia, kundi la kwanza lilikuwa na asilimia 4.9 na kundi la pili asilimia 1.2. Katika NGC 6362, Emanuele Dalessandro na wenzake walipata mwaka 2018 asilimia 14 katika kundi la kwanza na chini ya asilimia moja katika kundi la pili. Huo ndio utafiti ambao katalogi kama hii ingetakiwa kuurahisisha, na ndio kipimo nilichokitumia kuitathmini.

Nianze na namna data zenyewe zilivyopatikana, kwa kuwa karibu kila sifa na kila upungufu wa jedwali unatokana na hapo. Spektrografu mbili za APOGEE, vyombo vinavyotawanya nuru katika rangi zake, zilifungwa kwenye darubini mbili zenye kioo cha mita 2.5 kila moja, ile ya Sloan katika paoneaanga la Apache Point huko New Mexico, Marekani, na ile ya du Pont katika paoneaanga la Las Campanas nchini Chile. Kila eneo la anga lililotazamwa lilikuwa na bamba lake la alumini lenye matundu yaliyotobolewa kwa usahihi mahali nuru ya kila nyota itakapoangukia, na mafundi walichomeka kwa mkono nyuzi 300 za kupitishia nuru, uzi mmoja kwa kila nyota au kwa kipande cha anga tupu cha kulinganishia. Nuru iliyopimwa ni ya infraredi, yenye urefu wa mawimbi kati ya mikromita 1.51 na 1.70, na spektrografu huichambua kwa uwezo wa 22,500, kiwango kinachotosha kutenganisha mistari mingi ambayo elementi huiacha katika nuru hiyo bila kubahatisha. Faida ya infraredi ni kwamba hupenya vumbi, hivyo mafungunyota yaliyo karibu na kitovu cha galaksi, ambayo katika nuru ya kawaida yanafichwa na vumbi la Njia Nyeupe, yamo katika jedwali pamoja na yale ya pembezoni. Jambo hili pekee linaitofautisha katalogi hii na kazi nyingi za zamani, ambazo zilikwenda kwenye mafungunyota yaleyale machache yaliyo rahisi kuonekana.

Kulipata jedwali si kazi ngumu. Faili la nyota zote za APOGEE lina nyota zaidi ya 650,000 na uzito wa gigabaiti kadhaa, mzigo unaoweza kummalizia bando mtu anayetegemea intaneti ya simu, lakini katalogi ya mafungunyota ni kipande kidogo tu cha hilo na hupakuliwa mara moja. Hufunguka vizuri katika TOPCAT, programu ya bure inayofanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida isiyo na nguvu nyingi, na pia katika Python kwa wanaoandika programu zao. Ushauri wa kwanza kwa mgeni ni kutazama majina ya safuwima kabla ya kuchora chochote. Uwingi wa kila elementi umeandikwa mara mbili: safuwima moja hujazwa pale tu mfumo wa kuchakata unapoamini thamani hiyo, na nyingine, ambayo jina lake huishia na SPEC, hujazwa hata pale ambapo thamani haiaminiki. Mgeni akiona safuwima ya kwanza ina mapengo na ya pili imejaa, atavutwa na ile iliyojaa. Asivutwe. Pengo lile ni taarifa, maana linamwambia kwamba mstari wa elementi hiyo ni hafifu mno katika nyota husika. Vilevile azingatie kwamba safumlalo ni nyingi kuliko nyota: nyota iliyotazamwa katika maeneo zaidi ya moja ina safumlalo zaidi ya moja, na asiyeliangalia hilo ataihesabu mara mbili.

Jinsi kemia ilivyopimwa vizuri huonekana mara tu mtu anapochora mchoro mmoja. Chukua M13, fungunyota maarufu katika kundinyota la Rakisi, chuja nyota zenye uwezekano mkubwa wa uanachama na zisizo na alama za onyo, kisha weka magnesiamu kwenye mhimili mmoja na alumini kwenye mwingine. Nyota hazikai katika lundo moja. Alumini inatofautiana kwa zaidi ya mara kumi kati ya nyota na nyota, ingawa kiasi cha chuma ni karibu kilekile kwa zote, na katika nyota zile zenye alumini nyingi kuliko zote magnesiamu imepungua kama nadharia inavyotaka. Ukipaka rangi nukta kufuatana na nitrojeni, makundi yanajitokeza wazi zaidi. Mchoro huo, ambao miaka thelathini iliyopita ungehitaji usiku mwingi kwenye darubini kubwa na wataalamu wa kusoma mistari ya spektra mmoja mmoja, sasa mwanafunzi anaupata kwa mchana mmoja, na uzuri wake mkubwa ni kwamba mafungunyota yote yamepitia chombo kilekile na mfumo uleule wa uchambuzi. Anayelinganisha M13 na fungunyota jingine hana haja ya kujiuliza kama tofauti anayoiona ni ya nyota au ni ya watu wawili waliotumia mbinu mbili.

Hata hivyo, upande wa kemia una pengo ambalo mtumiaji lazima alijue. Kigezo cha kale cha kutenganisha makundi ni uhusiano wa sodiamu na oksijeni, ambao Eugenio Carretta na wenzake waliupima mwaka 2009 katika nyota zaidi ya elfu moja kwa kutumia darubini kubwa za Ulaya zilizoko Chile. Katika eneo la infraredi linalotumiwa na APOGEE, sodiamu ina mistari miwili tu iliyo hafifu, na katika nyota maskini wa chuma mistari hiyo hupotea kabisa ndani ya kelele. Oksijeni, kaboni na nitrojeni nazo hupimwa kupitia molekuli, ambazo hupungua nguvu kadiri chuma kinavyopungua na joto la nyota linavyopanda. Kwa fungunyota lenye chuma kingi kama 47 Tucanae hilo si tatizo kubwa. Kwa mafungunyota maskini sana kama M92 na M15, mtu atategemea alumini na magnesiamu, na thamani za nitrojeni atazichukulia kwa tahadhari. Szabolcs Mészáros na wenzake, ambao mwaka 2020 walichambua upya nyota 2,283 katika mafungunyota 31 ya APOGEE kwa mfumo mwingine wa kusoma mistari, walifanya hivyo kwa kuwa mfumo wa kawaida wa mradi haukubuniwa kwa ajili ya nyota zenye kemia isiyo ya kawaida kama hizi. Anayeandika tasnifu kuhusu mafungunyota maskini wa chuma na awe na matokeo yao pembeni.

Sasa nyota maradufu. Jaribio nililoliona la haki zaidi ni NGC 3201, fungunyota lililo katika kundinyota la Tanga (Vela). Wasomaji wa Tanzania na Kenya wanaweza kulitazama kwa darubini ya mkononi jioni za Aprili likiwa juu angani, wakati kutoka Apache Point halipandi hata digrii kumi na moja juu ya upeo, kwa hiyo kazi ya kulipima iliangukia darubini ya kusini. Kiasi chake cha chuma ni kama sehemu moja ya thelathini ya kile cha Jua. Linatukimbia kwa karibu kilomita 494 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna nyota ya kawaida ya jirani inayoikaribia, hivyo suala la uanachama linakwisha bila ubishi. Zaidi ya hayo, ndilo fungunyota ambamo kemia na nyota maradufu zimegongana hadharani.

Mgongano wenyewe ulikuwa hivi. Antonino Milone na wenzake walichora, kwa picha za darubini ya Hubble katika urujuanimno na nuru ya kawaida, kile kinachoitwa ramani ya kromosomu, ambamo nyota za kundi la kwanza na la pili hutengana vizuri kwa rangi zake. Jambo lisilotarajiwa ni kwamba katika mafungunyota mengi kundi la kwanza, ambalo lilitakiwa kuwa na kemia moja, limejinyoosha kwenye ramani kama lina tofauti zake lenyewe. Kwanza ilifikiriwa kwamba ni heli. Mwaka 2019 Anna Marino na wenzake walipochukua spektra za majitu ya NGC 3201 yaliyopangana kwenye mnyoosho huo, hawakukuta tofauti katika elementi nyepesi. Walikuta dalili ya tofauti ndogo ya chuma, ya kiwango cha 0.1 deksi (kipimo cha logariti), yaani tofauti ya robo hivi. Lakini baadhi ya nyota zilizokuwa mwishoni mwa mnyoosho zilikuwa na kasi inayobadilikabadilika, ishara kwamba zina wenzi. Hapo swali likawa gumu, kwa maana jitu jekundu likiwa na mwenzi mwenye joto zaidi, mwenzi huyo huongeza urujuanimno katika nuru yao ya pamoja, na jozi nzima ikasogea kwenye ramani bila elementi hata moja kubadilika. Nyota maradufu hughushi kemia. Walichohitimisha ni kwamba nyota maradufu peke yake, isipokuwa ziwe nyingi mno, haziwezi kueleza mnyoosho wote.

Je, katalogi ya APOGEE inaweza kuongeza neno katika suala hili? Kwa upande wa chuma, ndiyo, angalau kwa nyota angavu, maana kutofautiana kwa 0.1 deksi kati ya nyota za joto na mvutano unaofanana ni kitu ambacho mfumo huu una uwezo wa kukiona. Kwa upande wa wenzi, jedwali linatoa safuwima iitwayo VSCATTER, inayoonyesha kasi ya nyota ilitawanyika kiasi gani kati ya ziara moja ya darubini na nyingine. Safuwima hiyo ni rahisi kuitumia, nayo ina mitego mitatu inayopaswa kuelezwa bila kuharakisha.

Mtego wa kwanza ni muda. Nyota za kawaida za mradi huu zilitembelewa mara tatu hivi, na kati ya ziara ya kwanza na ya mwisho pengine ulipita mwezi mmoja au kidogo zaidi. Majitu mekundu angavu, ambayo ndiyo yaliyojaa katika jedwali, hayawezi kuwa na wenzi wa karibu sana kwa sababu yamevimba: jitu lenye nusu kipenyo mara 50 ya kile cha Jua lingemmeza mwenzi yeyote anayezunguka kwa kipindi cha chini ya miezi minne hivi. Wenzi waliobaki ni wale wa mizunguko mirefu, wa miezi mingi na miaka, na ziara tatu ndani ya mwezi mmoja huona kipande kidogo tu cha mzunguko wa namna hiyo. Thamani ndogo ya VSCATTER kwa hiyo haimaanishi kwamba nyota iko peke yake, na nyota iliyotembelewa mara moja tu haina mtawanyiko wowote wa kupimwa. Safuwima ya idadi ya ziara na tarehe za ziara zenyewe, ambazo hupatikana katika faili jingine, si hiari.

Mtego wa pili ni majitu yenyewe. Kadiri jitu jekundu linavyokaribia kilele cha ung'avu wake, ndivyo uso wake unavyotikisika, na mitikisiko hiyo huweza kubadilisha kasi inayopimwa kwa nusu kilomita hadi kilomita moja au zaidi kwa sekunde bila mwenzi yeyote kuwepo. Anayeweka mpaka mmoja wa VSCATTER kwa nyota zote atakusanya majitu ya juu kabisa na kuyaita maradufu. Pia makosa ya upimaji yaliyoandikwa kwa kila ziara yanajulikana kuwa madogo kuliko uhalisia, na waliotafuta nyota maradufu katika data nzima ya APOGEE, kama Adrian Price-Whelan na wenzake, walilazimika kuyaongeza kabla ya kuhesabu. Kazi yao ya 2020 ilitoa orodha ya karibu nyota maradufu 20,000 za kuaminika kutoka mradi mzima, na ni mfano mzuri wa jinsi data zenye ziara chache zinavyoweza kutumiwa kwa heshima: badala ya kulazimisha mzunguko mmoja, hutunza mizunguko yote inayokubaliana na vipimo.

Mtego wa tatu ndio unaoniudhi zaidi, ijapokuwa hauna wa kulaumiwa. Nyuzi mbili hazikuweza kuwekwa karibu zaidi ya sekunde 70 hivi za tao (dakika ya tao ni sehemu moja ya 60 ya digrii, na sekunde ya tao ni sehemu moja ya 60 ya dakika hiyo) katika darubini ya kaskazini, au sekunde 56 katika ile ya kusini. Ramani ya kromosomu ya Hubble nayo inafunika mraba wa takriban dakika tatu za tao katikati ya fungunyota. Katika mraba huo bamba moja la du Pont linaweza kuweka nyuzi kumi na kadhaa tu. Matokeo yake ni kwamba nyota ambazo APOGEE inazijua vizuri ziko pembezoni, nyota ambazo Hubble inazijua vizuri ziko katikati, na zile zinazojulikana na pande zote mbili ni chache kiasi kwamba mtu akitaka kurudia hoja ya mnyoosho wa kundi la kwanza kwa data hizi atabaki na nukta za kuhesabika kwa vidole. Kwa anayelinganisha wingi wa nyota maradufu kati ya makundi, athari ni kubwa vilevile, maana jozi nzito huzama kuelekea katikati na kuvunjika kwa jozi hutegemea msongamano. Asilimia iliyopimwa pembezoni si asilimia ya fungunyota zima.

Hapo ndipo chombo cha MUSE, kilicho kwenye darubini ya VLT huko Paranal, Chile, kinapoishinda huduma hii bila ubishi. MUSE hutazama mraba wa dakika moja ya tao na kutoa spektra 90,000 kwa mpigo, hata katikati ya msongamano. Uwezo wake wa kuchambua nuru ni mdogo kuliko wa APOGEE mara kadhaa, kwa hiyo si wa kupimia kemia kwa undani, lakini kwa kufuatilia kasi za maelfu ya nyota kwa miaka hauna mpinzani. Ndicho kilichoonyesha mwaka 2018 kwamba katika NGC 3201 kuna nyota yenye kasi inayopanda na kushuka kwa zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde kila siku 167, ikizunguka kitu kisichoonekana chenye masi isiyopungua mara nne ya Jua, yaani shimo jeusi. Nyota hiyo ni hafifu mno kwa APOGEE. Hata ziara nyingi zisingeifikia. Mwaka 2019 timu hiyohiyo ya Benjamin Giesers ilikadiria kwamba asilimia 6.75 ya nyota za fungunyota hilo ni maradufu, na mwaka 2020 Sebastian Kamann na wenzake, kwa kuoanisha kasi hizo na ramani ya Hubble, walipata, kati ya nyota zilizomo kwenye ramani hiyo tu, asilimia 23 katika kundi la kwanza na asilimia 8 katika kundi la pili. Mwelekeo ni uleule wa Lucatello, ila namba ni kubwa zaidi, na sehemu ya sababu ni kwamba nyota ambazo hazijavimba sana zinaweza kutunza wenzi wa karibu ambao majitu angavu yamekwisha wameza.

Kuna njia moja ambayo katalogi ya APOGEE inaweza kufichua nyota maradufu bila kutazama kasi hata kidogo, nayo haitajwi vya kutosha. Nyota ambayo zamani ilipokea gesi kutoka kwa mwenzi aliyekuwa jitu la hatua za mwisho, ambaye sasa ni kibete cheupe kisichoonekana, huachwa na kaboni nyingi na elementi nzito kama bariamu na seriamu. Bariamu haimo katika eneo la infraredi linalopimwa, lakini seriamu imo, ingawa mistari yake hudhoofika katika nyota maskini wa chuma. Kwa mafungunyota yenye chuma cha kutosha, jitu lenye seriamu na kaboni zilizozidi majirani zake, huku alumini yake ikiwa ya kundi la kwanza, linastahili kuchunguzwa upya kwa ziara za ziada. Valentina D'Orazi na wenzake walitumia bariamu kwa wazo kama hili mwaka 2010, na nyota walizozipata zilikuwa karibu zote za kundi la kwanza.

Kwa matumizi ya kila siku, napendekeza jedwali hili lisifunguliwe peke yake. Hifadhidata ya Gaia ya Shirika la Anga la Ulaya, ambayo toleo lake la tatu la Juni 2022 lina vyanzo takriban bilioni 1.8, husaidia kuthibitisha uanachama kwa mwendo wa nyota angani, ingawa katikati ya mafungunyota nayo hulemewa na msongamano, na umbali wa mafungunyota hauiruhusu kupima mizunguko ya jozi zilizomo. Anayeiuliza kwa njia ya haraka ajue kwamba jibu hukatwa kwenye safumlalo 2,000. Kwa fungunyota kubwa atumie njia ya kuweka ombi kwenye foleni. Picha na vipimo vya Hubble vinapatikana bure katika hifadhi iliyoko Baltimore, na huko pia ndiko kwa kuanzia kwa anayependelea kuhesabu jozi kwa ung'avu, kama Milone alivyofanya mwaka 2012 katika mafungunyota 59, kwa kuwa nyota mbili zinazofanana zikionekana kama moja hung'aa maradufu na kujitenga juu ya mstari wa nyota za kawaida.

SDSS yenyewe imeacha mabamba ya alumini, na sasa nyuzi huelekezwa na roboti; toleo la 19 la data, lililotoka Julai 2025, tayari lina spektra za kizazi hicho kipya. Kwa nyota maradufu, hata hivyo, ninachokisubiri ni toleo la nne la Gaia, lililopangwa Desemba 2026, ambalo litatoa vipimo vya kila tarehe badala ya wastani pekee. Data za awali za toleo hilo ndizo zilizofichua, Aprili 2024, shimo jeusi lenye masi 33 za Jua umbali wa miaka ya nuru takriban 2,000 tu, likiwa na nyota mwenzi maskini wa chuma inayolizunguka kwa miaka kama 11.6, na jozi hiyo ikaonekana kusafiri pamoja na mkondo wa nyota unaodhaniwa kuwa mabaki ya fungunyota lililosambaratika. Kasi za majitu angavu ya pembezoni mwa NGC 3201 na M4 ndizo nitakazozichukua kwanza toleo hilo likitoka, nizipange kwa tarehe kando ya ziara za APOGEE, na nione ni nyota ngapi zenye VSCATTER ndogo zitakazobaki kuitwa za peke yake.